Uji Bila Kibali

Nchi ninayotaka kuieleza iko mbali sana na kwetu. Msomaji atakayedhani anaitambua ajue amekosea, kwa kuwa bendera yake ni ya rangi nyingine kabisa. Hilo likishaeleweka, tunaweza kusema mambo yalivyokuwa bila kumkera mtu.

Katika nchi ile watoto walikuwa na njaa. Sisemi hivyo kwa kulaumu. Serikali yenyewe ilisema hivyo kila mwaka, kwenye kongamano la siku nne katika hoteli yenye bwawa la kuogelea, na washiriki walisikitika kwa dhati kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana. Mwaka mmoja kongamano likagundua chanzo cha tatizo. Njaa ya watoto ilikuwa ikishughulikiwa na wizara moja tu. Jambo linalofanywa na mtu mmoja, walieleza wataalamu, ni ubinafsi. Ili pawe na ushirikiano ni lazima kwanza wapatikane wa kushirikiana.

Wakachukua kikombe cha uji, wakakichunguza kwa siku mbili, wakaona kina vitu vitatu: unga, maji na moto. Basi zikaundwa wizara tatu: Wizara ya Unga, Wizara ya Maji ya Uji, maana maji mengine tayari yalikuwa na wizara yake, na Wizara ya Moto. Juu yake ikawekwa Mamlaka ya Uratibu, ambayo kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba hakuna wizara inayoingilia kazi ya mwenzake.

Siku ya uzinduzi alizungumza Waziri wa Unga, Mheshimiwa Dakta Mgeta, mtu mwenye sauti nene na shingo ya kulingana nayo.

"Ndugu zangu," alisema, "itifaki imezingatiwa. Kwa miaka mingi tumepambana na njaa ikiwa nzima, na imetushinda. Leo tumeigawa mara tatu. Kila wizara itakabidhiwa theluthi moja tu ya njaa, na theluthi moja ya njaa haijawahi kumuua mtu."

Ukumbi ulipiga makofi. Mwalimu mmoja wa hesabu aliyekuwa ameketi nyuma aliinama kufunga kamba za viatu, akabaki ameinama mpaka hotuba ilipokwisha.

*

Kijiji cha Mikoroshini kilikuwa na watoto sitini na mmoja wa umri wa kunyweshwa uji, nacho kilikuwa miongoni mwa vijiji vya kwanza kufikiwa.

Jumatatu lilikuja gari la Wizara ya Unga. Kila mtoto alishika kikombe, akapimiwa unga mkavu, na afisa akaandika mbele ya jina lake: Amefikiwa. Mtoto aliyeweza kulamba alilamba, akakohoa, na kikohozi chake kikaandikwa kwenye safu ya maoni kuwa ni shukrani. Jumatano lilikuja gari la Maji ya Uji. Kila mtoto akapewa maji, akaandikwa. Ijumaa walikuja watu wa Wizara ya Moto, vijana hodari sana. Walishusha kuni, wakawasha moto mkubwa, wakawaketisha watoto kuuzunguka kwa robo saa, wakawaandika, kisha wakauzima. Waliuzima kwa mchanga, kwa sababu maji yalikuwa ya wizara nyingine.

Mwisho wa mwaka Unga waliripoti kuwafikia watoto kwa asilimia mia. Maji wakaripoti asilimia mia, na Moto asilimia mia. Mamlaka ya Uratibu ikajumlisha, ikatangaza kwamba watoto wa nchi ile wamefikiwa kwa asilimia mia tatu. Nchi jirani, zilizokuwa zimekwama kwenye arobaini na kitu, zilituma wajumbe kuja kujifunza.

Katika watoto waliofikiwa namna hiyo alikuwamo Zamda, msichana wa miaka minne. Miguu yake ilikuwa imevimba, na nywele zake zilikuwa zimegeuka rangi ya kutu. Afisa wa Unga aliziona, akaandika: Nywele zinapendeza.

Zamda aliishi na bibi yake, Bi Mwanjaa. Bi Mwanjaa alipewa jina hilo kwa kuwa alizaliwa mwaka wa njaa, na kwa miaka sitini na mitatu serikali mbalimbali hazikuwahi kumpa sababu ya kulibadili. Hakuwa amesoma, na kwa hiyo hakuelewa mpango wa wizara tatu. Aliyatazama yale magari kwa wiki tano. Wiki ya sita, gari la Unga lilipoondoka tu, akachukua ungo, akapita nyumba kwa nyumba.

"Msiwalambishe," alisema. "Nileteeni mimi."

Jirani yake, Bi Kidawa, alishika kikombe cha mwanawe kifuani. "Dada, unga huu wa serikali. Wametwambia uliwe palepale."

"Umemuona mwanao anaula?"

"Anautema."

"Basi autemee humu kwenye ungo."

Bi Kidawa akacheka, akamimina. Jumatano maji yakaingia kwenye pipa. Ijumaa, Wizara ya Moto ilipokwisha kuondoka, wanawake walifukua mchanga wakazitoa kuni, zikiwa zimeungua ncha tu. Tangu hapo kila asubuhi Bi Mwanjaa alibandika sufuria kubwa nyuma ya nyumba yake. Bi Kidawa alileta karanga zilizotwangwa, mwingine muhogo mkavu, mwingine hakuwa na kitu akaja kuchochea kuni. Watoto wakanywa uji wa moto.

Baada ya miezi minne miguu ya Zamda ilikuwa imenywea, naye akaanza kufukuza kuku wa watu. Kuku wenyewe walishangaa, kwani walikuwa wamezoea watoto wanaokaa chini.

*

Jambo kama hilo haliwezi kufichika katika nchi yenye takwimu. Watoto wa Mikoroshini walipopimwa walionekana wameongezeka uzito, na uzito ule haukuwa na mwenyewe. Unga walisema si wao, kwa maana wao hutoa unga, hawatoi uzito. Maji wakakana. Moto wakakana kwa maandishi. Mamlaka ya Uratibu ikamtuma mkaguzi wake, Bwana Kaniki, mtu mwembamba mwenye kalamu nne mfukoni, akachunguze.

Alimkuta Bi Mwanjaa anakoroga.

"Bibi, hiki ni nini?"

"Uji, mwanangu. Karibu."

"Naona ni uji. Nauliza, kiutawala, ni nini?"

Bi Mwanjaa alichungulia ndani ya sufuria. "Kiutawala umeshika kidogo chini, lakini unanyweka."

Bwana Kaniki akafungua daftari. Akauliza unga umetoka wapi, akaambiwa. Akauliza maji, akauliza kuni. Alipoambiwa yote matatu alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyeonyeshwa maiti.

"Kwa hiyo umechukua wizara tatu," alisema polepole, "ukaziweka pamoja."

"Nilizikuta zimekuja mbalimbali, nikaona labda zimepotezana njiani."

"Unacho kibali?"

"Kinapatikana wapi?"

Bwana Kaniki akamweleza kwa upole. Kibali cha kuunganisha wizara hutiwa saini na mawaziri wote watatu katika kikao kimoja. Kikao hicho kilikuwa hakijafanyika, ingawa kiliitishwa mara kumi na moja. Katika nchi ile aliye mkubwa zaidi huingia ukumbini mwisho, na hakuna hata mmoja katika wale watatu aliyekubali kwamba si yeye. Mara zote kumi na moja mawaziri waliketi kutwa nzima kwenye magari yao nje ya ukumbi, vioo vimepandishwa, kila mmoja akiwasubiri wenzake watangulie, mpaka wote wakarudi nyumbani.

"Na watoto wasubiri mpaka waingie?" aliuliza Bi Mwanjaa.

"Sheria haikutaja watoto, bibi. Ni Sheria ya Ushirikiano."

Akalichukua sufuria na uji wake, akamchukua na mpishi.

*

Shtaka lilisomwa mbele ya Hakimu Pazi: kuunganisha wizara tatu katika chombo kimoja, bila kibali, kwa kutumia joto.

"Ni kweli au si kweli?" aliuliza hakimu.

"Si kweli, Mheshimiwa. Mimi nilipika tu. Sikuunganisha mtu."

Ikaandikwa kwamba mshtakiwa amekana. Mwendesha mashtaka, Bwana Ligate, akainuka. Alisema sufuria lililokamatwa ni sehemu ndogo ya ushahidi. Mali nyingi ya wizara ilikuwa imehamishiwa ndani ya watoto sitini na mmoja, na akaomba wapokelewe wote kama vielelezo. Hakimu akaona hoja ina nguvu. Watoto wakafungwa vibandiko mkononi, namba moja hadi sitini na moja, wakakabidhiwa kwa mtunza vielelezo wa mahakama, Bwana Chamwande. Zamda alikuwa kielelezo namba saba.

Bwana Chamwande alikuwa ametunza vielelezo kwa miaka ishirini na tisa: baiskeli, mapanga, magunia ya bangi, na mara moja mbuzi, ambaye alikonda akiwa mikononi mwake, naye akapewa barua ya onyo. Barua ile hakuisahau. Kesho yake, saa nane mchana, aliingia mahakamani bila kuitwa.

"Mheshimiwa, vielelezo vinaharibika."

"Vinaharibikaje?"

"Vilipokamatwa vilikuwa vimeshiba. Sasa vinalia. Namba saba imelala chini na haitaki kuamka. Mimi sitaki barua nyingine, Mheshimiwa. Sheria inasema kielelezo kikae kama kilivyokamatwa mpaka hukumu."

Hakimu Pazi akafungua kitabu. Ilikuwa hivyo hivyo. Akamtazama Bwana Ligate, na Bwana Ligate akatazama dari.

"Inawezekana," aliuliza hakimu, "kuvirudisha katika hali ya kushiba bila kuunganisha wizara?"

Bwana Ligate aliomba muda wa kushauriana na Mamlaka ya Uratibu. Mamlaka ikajibu kwamba haiwezekani kitaalamu.

Basi mahakama ikatoa amri. Wizara tatu zitaleta unga, maji na kuni mahakamani kila asubuhi saa moja, zote kwa pamoja, na atakayechelewa atashtakiwa kwa kuharibu ushahidi. Mtu pekee mwenye ujuzi wa hali ya vielelezo ni mshtakiwa, kwa hiyo mshtakiwa atavitengeneza yeye mwenyewe chini ya uangalizi wa mtunza vielelezo. Sufuria litatolewa stoo kila asubuhi na kurudishwa likiwa limeoshwa.

Yaani mambo ambayo makongamano kumi na manne yalishindwa kuyafanya, woga wa karani mmoja uliyafanya kabla ya saa kumi jioni.

*

Kesi ile iliendelea kwa miaka miwili na nusu. Sijapata kusikia kesi iliyopendwa hivyo. Kila wiki mbili ilitajwa, na kila ilipotajwa Bwana Ligate alisimama akasema upelelezi haujakamilika. Wanawake wa Mikoroshini walikuwa wakiingoja sentensi hiyo huku wameshikana mikono. Akishaitamka walishusha pumzi, wakaenda kusaidia kupepeta.

Siku moja Bwana Ligate alisema upelelezi unakaribia kukamilika. Bi Kidawa aliugua siku tatu.

"Utakufa bure," Bi Mwanjaa, aliyekuwa nje kwa dhamana, alimwambia, ameketi ukingoni mwa kitanda. "Jalada lenyewe limepotea. Nimemsikia Chamwande anasema lilikwenda wizara ya Maji."

"Kweli, dada?"

"Maji wakawaazima Moto, na Moto hawataki kulirudisha mpaka waombwe kwa barua. Inuka unywe chai."

Tatizo lilikuwa moja tu: vielelezo vilibadilika. Bwana Chamwande, aliyekuwa mwaminifu kupita kiasi, alilazimika kuandika kila kitu. Kielelezo namba kumi na tisa kimeota meno manne. Kielelezo namba arobaini kimeanza darasa la kwanza na kimeshika nafasi ya tatu. Kielelezo namba saba, kilichopokelewa kikiwa na nywele za rangi ya kutu kwenye ncha, sasa kina nywele nyeusi zinazohitaji kusukwa, na kinamwita mtunza vielelezo babu. Bwana Ligate alilalamika kwamba ushahidi unachezewa. Hakimu akauliza kama upande wa mashtaka una njia ya kuzuia watoto wasikue. Bwana Ligate alisema njia ilikuwapo zamani, ila amri ya mahakama ndiyo iliyoivuruga.

*

Mikoroshini waliogopa hukumu. Hakuna aliyefikiria kuogopa huruma.

Siku ya Mtoto ilikuwa inakaribia, na Mkuu wa Nchi alihitaji kitu cha kuwafanyia watoto ambacho kisingehitaji kufanywa. Mshauri wake mmoja akakumbuka kwamba serikali inashikilia watoto sitini na mmoja kama vielelezo, na kwamba wageni watakaohudhuria wanaweza kuuliza. Siku ilipofika, uwanja ukiwa umejaa watoto waliosimama juani tangu asubuhi wakisubiri mgeni rasmi, Mkuu wa Nchi alivua miwani.

"Mtoto wa nchi hii si kielelezo," alisema, na sauti ikamtetemeka mahali ilipoandikwa itetemeke. "Mtoto ni taifa la kesho. Kwa mamlaka niliyonayo, kesi hii naifuta. Mama yule namsamehe yeye na sufuria lake, kwa kosa hili lililopita na kwa lolote la namna hiyo atakalolifanya maishani mwake. Na watoto wale nawaachia huru."

Kulikuwa na makofi mengi, na watoto watatu walizimia kwa jua.

Kesho yake Bi Mwanjaa alisimama mbele ya Hakimu Pazi.

"Bibi, uko huru. Nenda nyumbani."

"Na uji, Mheshimiwa?"

"Uji ulikuwa kwa ajili ya vielelezo. Vielelezo havipo tena. Unga watarudi Jumatatu, Maji Jumatano, Moto Ijumaa."

"Na watakaa kusubiri tuule palepale?"

"Safari hii wataweka mtu asimamie."

"Mheshimiwa, mimi naomba nihukumiwe. Nina hatia. Nilidanganya mahakama nilipokana."

"Umesamehewa."

"Msamaha huo siutaki."

"Msamaha wa Mkuu wa Nchi haukataliwi, bibi." Hakimu Pazi alisema hivyo akiwa ameinamisha macho, na nadhani kama nchi ile ingekuwa na kazi nyingine ya kumpa mtu wa namna yake, angeichukua siku ile. "Chamwande, mpe sufuria lake."

Bwana Chamwande akalileta. Alikuwa amelisugua kwa majivu mpaka likang'aa, na aliwafungua watoto vibandiko mmoja mmoja. Zamda alikataa kutoa mkono wake. Alishaelewa kwamba asiye na namba hapewi uji.

*

Jumatatu Unga walikuja na msimamizi. Watoto walilamba, wakakohoa. Jumatano Maji, Ijumaa Moto. Wiki ya tatu Zamda aliacha kufukuza kuku.

Jumatatu iliyofuata Bi Mwanjaa hakungoja gari. Alichukua unga wa akiba uliobaki nyumbani kwa Bi Kidawa, akajitwika sufuria, akaenda mpaka kituo cha polisi, akapanga mafiga mbele ya baraza, akawasha moto. Sajenti wa zamu alitoka na kikombe chake cha chai.

"Bibi, unafanya nini hapa?"

"Naunganisha wizara tatu, afande. Nikamate."

Sajenti alirudi ndani kusoma. Alikaa sana. Alipotoka alikuwa na karatasi.

"Wewe hukamatiki," alisema. "Umesamehewa kwa maisha yako yote, wewe na sufuria lako. Ukipika hapa mpaka mwakani mimi siwezi kukugusa. Na bila kesi hakuna kielelezo, na bila kielelezo hakuna wa kuleta unga. Huo ulionao ukiisha, umekwisha."

Bi Mwanjaa alisukuma kuni ndani ya mafiga. Aliangalia barabarani, na sajenti naye akaangalia. Bi Kidawa alikuwa anakuja, amejitwika sufuria lake mwenyewe. Nyuma yake alikuwa mama wa namba kumi na tisa, na nyuma yake wengine, wanawake thelathini na zaidi, kila mmoja na chombo chake kichwani na watoto wake ubavuni. Kulikuwa na vyungu, kulikuwa na makarai, na mmoja alibeba debe. Wengine walitoka vijiji ambavyo sajenti alivijua kwa jina tu.

"Mama zangu, mnataka nini?"

"Kushtakiwa," alisema Bi Kidawa, akatua. "Sisi hatujasamehewa."

Sajenti aliwahesabu watoto kwa macho mpaka akachoka. Alikuwa na wa kwake watano, na Unga walipita hata mtaani kwao. Akaenda ndani akaleta meza, kitabu cha mashtaka na kalamu.

"Pangeni foleni. Kila mtu aunganishe mbele yangu nimuone kwa macho, nisije nikaambiwa nimebambikia watu kesi. Na watoto wasimame na mama zao, nijue kielelezo kipi cha nani."

Unga wa akiba na moto vikagawanywa kutoka figa hadi figa. Bi Mwanjaa, ambaye sheria haikuwa na habari naye tena, alipita katikati ya foleni akionja huku na huku, akiongeza maji mahali pazito.

"Sikilizeni," aliwaambia. "Mkifika kwa hakimu, atawauliza kweli au si kweli. Mkanushe. Mkikubali mtahukumiwa siku hiyo hiyo, na watoto watarudi kulamba unga."

"Tukanushe nini, mama," aliuliza yule wa debe, "na uji unachemka mbele ya askari?"

"Kanusheni hivyo hivyo," alisema Bi Mwanjaa, "na ombeni upelelezi usikamilike."